Wa Mwisho wa Mfereji Naye Agombee

Desemba 2024 watu watano walipigiwa kura na kukabidhiwa uongozi wa kiufundi wa Django, programu huria ambayo wajenzi wa tovuti duniani kote huitumia kama msingi wa kazi zao. Waliochaguliwa ni Carlton Gibson, Emma Delescolle, Frank Wiles, Lily Foote na Tim Schilling. Hakuna bango lililobandikwa ukutani wala gari la matangazo lililopita mtaani, na hakuna mpiga kura aliyechovya kidole kwenye wino. Kila mmoja alipiga kura akiwa kwake, mbele ya kompyuta. Hata hivyo, maamuzi ya watano hao yanawafikia watu wengi kuliko wakazi wa nchi nzima. Instagram, ambayo vijana wa Same, Upareni, huifungua kila siku, ilijengwa juu ya Django.

Kwa sisi wa magazeti habari ya programu hii ina utamu wake. Ilianza mwaka 2003 katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas, Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitafuta namna ya kujenga kurasa za mtandaoni haraka, kwa mwendo ule ule ambao mhariri hudai habari. Julai 2005 gazeti likaiachia dunia bure. Mwaka 2008 ikaundwa taasisi ya kuilea, na tangu hapo suala la nani ana kauli ya mwisho limejadiliwa, likaandikiwa kanuni, likaandikwa upya.

Makala hii namwandikia kijana wa Same, wa Gonja au wa Hedaru, ambaye amejifunza kuandika programu na anaiweza, lakini hajawahi kufikiri kwamba naye anaweza kusimama kugombea nafasi ya namna hiyo. Naamini anaweza. Naamini pia kwamba malezi ya Upare yamemwandaa kwa kazi hiyo kwa sehemu kubwa, na yamemzuia kwa sehemu ndogo. Hiyo sehemu ndogo ndiyo inayonisumbua.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kumpa mwenzake, bila kulipa na bila kuomba kibali. Wengi husikia hayo wakadhani ni mali isiyo na mwenyewe. Sivyo. Kila siku watu huleta mapendekezo ya mabadiliko: huyu amesahihisha hitilafu, yule ameongeza kipengele kipya, mwingine anataka kipengele cha zamani kiondolewe kwa sababu kinachelewesha kazi. Mengine yanapingana. Lazima awepo mtu wa kusema hili liingie, lile lisubiri, na lile lingine hapana. Katika miradi midogo mtu huyo ni mwanzilishi. Mradi ukikua, mwanzilishi huchoka au hugombana na wenzake, na hapo ndipo suala la kura huibuka.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa lugha ya Python, ambayo Django imeandikwa kwayo. Kwa karibu miaka 30 kauli ya mwisho ilikuwa ya mtu mmoja, Guido van Rossum, mwanzilishi wake kutoka Uholanzi. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya badiliko dogo la kisarufi katika lugha hiyo, alitangaza kung'atuka. Hakuteua mrithi. Aliwaambia wenzake waamue wenyewe watakavyojiongoza. Miezi ilipita wakijadili miundo mbalimbali, na Desemba mwaka huo wakapigia kura muundo wa baraza la watu watano. Mapema 2019 baraza la kwanza likachaguliwa, na Guido mwenyewe akawa mmoja wa watano hao, safari hii kwa kura. Sisi Watanzania tulishuhudia Mwalimu Nyerere aking'atuka mwaka 1985, kwa hiyo tunajua uzito wa kitendo hicho na hofu inayobaki nyuma yake.

Sasa tuje milimani, kwenye malezi yale ya Upare. Upande wa magharibi wa Milima ya Upare, kwenye miteremko inayotazama barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi, mvua ni ya kubahatisha. Mawingu kutoka baharini hushusha mzigo wao upande wa mashariki. Watu wa Makanya, Mwembe na Bangalala hubaki wakitazama ukungu kileleni wakati mashamba yao yana vumbi. Wapare walijibu tatizo hilo kwa ndiva: bwawa dogo linalochimbwa mlimani na kuzungushiwa ukingo wa udongo na mawe, ambalo hupokea maji ya kijito kwa mfereji. Usiku maji hukusanyika. Asubuhi tundu hufunguliwa, na maji huteremka kwa wingi na kwa nguvu ya kutosha kuyafikia mashamba. Bila ndiva, kijito chembamba cha kiangazi kinanywewa na mchanga kabla hakijamfikia mkulima wa tatu.

Ufundi wa kujenga ndiva ni mkubwa, lakini ufundi wa kuiongoza ni mkubwa zaidi. Zamani ndiva nyingi zilikuwa za koo, na wazee wa ukoo ndio waliosimamia zamu na matambiko yake. Baada ya uhuru, serikali za vijiji na kamati za kuchaguliwa zikaingia, mahali pengine zikikaa juu ya utaratibu wa ukoo bila kuufuta. Miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Uholanzi walikaa muda mrefu katika bonde la Makanya wakichunguza ndiva kama ile ya Manoo, Bangalala. Waliyoyaandika yanafanana na yale ambayo mtu wa huko angekueleza mwenyewe. Haki ya maji inatokana na kazi. Mfereji ukijaa udongo, msaragambo, yaani kazi ya pamoja, unaitishwa; asiyetokea anatozwa faini, na akiendelea kukaidi anapoteza zamu. Kamati hupanga nani amwagilie lini. Vijiji vya juu, kama Vudee, na vya chini, kama Bangalala, vilikuwa na makubaliano ya kupokezana maji, na makubaliano hayo hulegea kiangazi kinapokaza.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo. Mkulima aliye karibu na mdomo wa mfereji hahitaji sana mkutano. Maji yanampitia mlangoni. Anayehitaji mkutano, kamati, daftari la zamu na mtu wa kumsemea ni yule wa mwisho wa mfereji. Naye ndiye anayeona ubovu wa mfereji mapema kuliko wengine, kwa sababu kila tone linalovuja juu linapungua kwake. Kamati isiyo na mtu wa mwisho wa mfereji inaweza kuwa ya watu waadilifu kabisa, na bado ikaendesha mambo vibaya kwa kutojua.

Mchumi wa siasa Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa karne nyingi wakijitungia kanuni zao. Mwaka 2007 yeye na Charlotte Hess walihariri kitabu kilichopeleka hoja hiyo kwenye maarifa na mambo ya kidijitali. Kuna tofauti moja kubwa, na ni haki kuitaja. Maji ukiyatumia wewe, mimi nayakosa. Msimbo haupungui kwa kutumiwa: watu milioni wakiupakua, unabaki ule ule. Kinachopungua ni muda na akili ya wale wachache wanaoutunza. Hicho ndicho kinachogawanywa kwenye bodi za programu huria: hitilafu ipi ishughulikiwe kwanza, lugha ipi ijaribiwe, kompyuta za zamani ziendelee kuhudumiwa hadi lini.

Hilo la mwisho si jambo la nadharia. Django hutoa toleo jipya takriban kila miezi minane. Matoleo machache huteuliwa kuhudumiwa kwa miaka mitatu, ili wanaoyatumia wapate kupumua: toleo la 4.2 la Aprili 2023 lilipangiwa kufika Aprili 2026, na lile la 5.2 la Aprili 2025 hadi Aprili 2028. Baada ya hapo, tundu la usalama likigunduliwa, mwenye toleo la zamani anabaki peke yake. Tuseme kijana ameujengea ushirika wa wakulima wa tangawizi wa Mamba Miamba mfumo wa kuandika mizigo na malipo. Alilipwa mara moja. Baada ya miaka mitatu mfumo unahitaji kuhamishiwa toleo jipya, na kazi hiyo haimo kwenye bajeti ya ushirika. Mjenzi wa London aliye na timu ya watu 20 huona toleo la zamani kama mzigo unaochelewesha maendeleo. Kijana wetu huona kuachwa kwa toleo hilo kama gharama atakayoibeba mwenyewe. Wote wawili wana hoja za kweli. Lakini iwapo ni mmoja tu aliye kwenye kiti cha uamuzi, hoja ya pili haisikiki hata kama hakuna aliyekusudia kuipuuza.

Si kila programu huria huongozwa kwa kura. Zahanati za milimani hujaza fomu za MTUHA, na takwimu zake huishia kwenye DHIS2, programu huria ambayo Tanzania iliieneza nchi nzima kufikia 2013. Makao yake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na mwelekeo wake huamuliwa huko kwa kushauriana na washirika, wakiwemo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utaratibu huo umezaa matunda. Nausema ili msomaji asidhani kwamba kura ni dawa ya kila kitu. Lakini panapokuwa na kura na sisi hatugombei, tumeuacha mlango uliofunguliwa.

Je, kanuni zinaturuhusu? Kwa Django, waraka wa mwaka 2020 uliokipa kanuni mpya chombo kile cha watu watano, kikiitwa Bodi ya Kiufundi kabla ya kubadilishwa jina kuwa Baraza la Uongozi mwaka 2022, haukuuliza mgombea anatoka wapi wala ana shahada gani. Ulitaka historia ya mchango wa maana kwa Django au kwa programu zinazoizunguka, iliyoanza angalau miezi 18 kabla ya kugombea. Mchango huo haukuwa wa kuandika msimbo peke yake: kupitia mapendekezo ya wengine, kuandika miongozo, kuchambua taarifa za hitilafu na kushiriki mijadala ya mwelekeo, vyote vilihesabiwa. Nilipousoma nilimkumbuka mzee wa ndiva na daftari lake. Nani alikuja msaragambo? Nani alikaa nyumbani? Aliyeshika jembe ana la kusema.

Kazi ya namna hiyo si ngeni kwa Watanzania. Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, walitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kuandikia barua na kupigia hesabu kwa Kiswahili. Ilitanguliwa na kazi kubwa ya kukubaliana juu ya istilahi. Django nayo inaorodhesha Kiswahili miongoni mwa lugha zake, kwa sababu kuna watu waliokaa wakatafsiri sentensi moja baada ya nyingine bila malipo. Mkutano wa kwanza wa Afrika wa watumiaji wa Django ulifanyika Zanzibar Novemba 2023, na uliofuata ukapangwa Arusha Agosti 2025, saa chache tu kwa basi kutoka Same. Kwa mtu wa Upare, watu wanaoijenga Django wamekuja hadi jirani.

Na Waafrika wamegombea, wakashinda. Jonathan Carter wa Afrika Kusini alichaguliwa kuwa kiongozi wa Debian, moja ya familia kongwe za mfumo wa Linux, kwa vipindi vinne mfululizo kuanzia 2020 hadi 2024. Debian ina wajenzi takriban 1,000 wenye haki ya kura, na hupanga wagombea kwa mfuatano wa upendeleo badala ya kuchagua mmoja na kuwatupa wengine. Kwenye karatasi yao kuna pia chaguo la kuwakataa wagombea wote na kurudia uchaguzi. Mwishoni mwa 2024, Abigail Gbadago wa Ghana alichaguliwa kuingia bodi ya taasisi ya Django, ile inayosimamia fedha, sheria na mikutano. Craig Allan, naye wa Afrika Kusini, aliingia bodi ya taasisi ya OpenStreetMap Desemba 2022. Hawa walijitokeza. Waliandika tamko, wakaweka majina yao mbele ya watu wasiowajua, wakasubiri.

Kujitokeza huko ndiko kunakotushinda. Tumelelewa na methali inayosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mikutano mingi ya vijijini kwetu, mtu mwenye heshima hasimami akasema nichagueni mimi. Jina lake hutajwa na mwingine kutoka nyuma, yeye hukataa kidogo kwa adabu, wazee husisitiza, ndipo anapokubali. Anayejitaja mwenyewe huhesabiwa kuwa na tamaa. Hata uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965 ulifuata moyo huo: wagombea wawili wa jimbo walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, na chama cha TANU kikawapandisha jukwaa moja. Hakuna aliyeruhusiwa kufanya kampeni yake pembeni.

Naiheshimu adabu hiyo na sitaki ipotee. Lakini inafanya kazi mahali ambapo watu wanaonana. Mzee wa Bangalala hana haja ya kujisifu kwa sababu kijiji kizima kimemwona mferejini tangu akiwa kijana. Mjenzi wa programu aliye Same, anayefanya kazi usiku bando likiwa rahisi, haonwi na mtu. Hakuna mzee wa kutaja jina lake kutoka nyuma. Akisubiri kupendekezwa atasubiri hadi uzeeni, na kiti kitachukuliwa na mtu ambaye kwao kujieleza si aibu. Nimewasikia vijana wenye uwezo wakisema, "Mimi nani hata nigombee?" Wanasema kwa unyenyekevu wa kweli, na unyenyekevu huo unatugharimu sote.

Kuna upande mwingine wa historia ya Same ambao ungewasaidia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni na machifu walianzisha Upareni kodi ya ziada iliyopandishwa kulingana na makadirio ya mali ya kila mtu, wakaiita mbiru. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi na kupokezana kwa miezi. Paulo Mashambo alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakaingia katika mapambano, na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliandika habari hizo katika kijitabu chake cha 1971 kuhusu Mbiru, na kila Mpare anayejua kusoma anastahili kukisoma.

Jambo linalonigusa katika mapambano yale ni kwamba watu hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa ile ya kawaida. Walichokataa ni njia ya kukadiria: nani anahesabu ng'ombe wangu, kwa kipimo gani, na mbona sikuulizwa? Siasa yote ilikuwa ndani ya kanuni ya ukokotoaji, jambo ambalo ofisa wa wilaya angeliita la kitaalamu tu. Wazee wale hawakuwa na shule kubwa, lakini walitambua kwamba aliyeandika kanuni ya kuhesabu amekwisha kuamua nani ataumia. Mjukuu wao anayesoma msimbo ana uwezo wa kuona jambo lile lile kwenye mistari ya programu. Aibu ya kusimama na kusema haikutoka kwao.

Lazima pia nieleze ugumu wake, kwa sababu kumsukuma kijana bila kumwambia ukweli ni kumdanganya. Kazi ya baraza la kiufundi haina mshahara. Msaragambo nao hauna, lakini ukisafisha mfereji Jumamosi, Jumatatu unaona maji shambani. Ukisahihisha msimbo wa Django, faida yake huenda kwa dunia nzima na kwako hufika polepole, kwa sifa na kwa ajira zinazoweza kuja baadaye au zisije. Mijadala ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha kuandika kwa umakini. Mikutano hupangwa kwa saa za Ulaya na Marekani, na huku umeme hauna mazoea ya kusubiri mkutano uishe. Anayeishi kwa vibarua vya kompyuta hawezi kutoa saa kumi kwa wiki bila kulala njaa. Ndiyo maana nasema waajiri na vyuo vyetu wana wajibu: mfanyakazi anayetunza programu huria ambayo ofisi yenyewe inaitegemea, apewe saa za kazi za kuifanya. Hilo lingewezekana kesho kama tungelitaka.

Na kura za mtandaoni zina majaribu yake kama kura nyingine zote. Novemba 2018, wiki chache kabla ya uchaguzi wa bodi ya taasisi ya OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa London mwaka 2004, watu wapatao 100 kutoka kampuni moja walijiandikisha uanachama kwa mkupuo. Jambo hilo lilichunguzwa na kuandikiwa ripoti. Taasisi iliendelea kutafuta kanuni bora, na tangu 2020 mtu aliyechora ramani katika siku 42 ndani ya mwaka anaweza kuomba uanachama bila kulipa ada, ambayo kwa kawaida ni pauni 15. Badiliko hilo lina maana kubwa kwetu. Wanafunzi waliotembea mitaa ya Dar es Salaam kuanzia 2015 katika mradi wa Ramani Huria, wakichora mifereji na nyumba ili kupunguza madhara ya mafuriko, wengi hawakuwa na kadi ya benki ya kulipia ada ya Uingereza. Miguu yao ilikuwa imelipa tayari.

Jaribu la pili ni baya zaidi. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye mashine nyingi za Linux, ilikuwa imepenyezewa mlango wa siri. Aliyeupenyeza alijiita Jia Tan. Alikuwa amechangia kazi halali kwa zaidi ya miaka miwili, akijenga imani hadi akakabidhiwa funguo na mtunzaji aliyekuwa peke yake na amechoka. Kwa hiyo jembe peke yake halitoshi. Daftari la kazi linaonyesha bidii. Nia huonekana katika mazungumzo, katika kukubali kukosolewa, katika kufahamika na watu ana kwa ana. Mikutano kama ile ya Zanzibar ina thamani kwa sababu hiyo, kuliko hata kwa mada zinazowasilishwa. Na somo lingine la xz ni kwamba mtunzaji asiachwe peke yake.

Basi kijana wetu ameamua. Aandike nini kwenye tamko lake? Hapa adabu ya Upare inageuka kuwa faida, kwa maana wapiga kura wa miradi hii ni mafundi na majigambo yanawachosha. Asianze na sifa za moyo wake. Aanze na kazi: hitilafu niliyoisahihisha ni hii, ilikuwa inamkera nani, nilibishana na nani na nilikubali hoja ipi. Kisha aseme anatoka wapi na anaona nini kutoka huko ambacho wengine hawakioni: kurasa nzito zinazokwama kwenye mtandao dhaifu wa milimani, ushirika usio na bajeti ya kuhama toleo, mtumiaji wa Kiswahili anayekutana na ujumbe wa kosa uliotafsiriwa nusu. Kisha aseme atakachokipigania na atakachokipinga. Ataulizwa maswali hadharani. Ajibu, na asilolijua aseme atalitafuta. Akishindwa, kura alizopata zinabaki kuwa watu waliomsoma na kumwamini, na mwaka unaofuata hawi mgeni tena.

Akishinda, asidhani amepelekwa kuwa balozi wa Tanzania. Atapigia kura mambo ya watu wa Brazil na Japani pia, na siku nyingine atalazimika kukataa ombi la Mtanzania mwenzake kwa sababu linaharibu kazi ya wengine. Mjumbe wa kamati ya ndiva anayefungulia maji shamba la shemeji yake nje ya zamu hadumu.

Toleo la 6.0 la Django lilipangwa kutoka Desemba 2025. Kwa mwendo wa miaka iliyopita, la 7.0 lingefuata Desemba 2027, na matoleo makuu ya namna hiyo ndiyo yaliyowekwa na waraka wa 2020 kuwa wakati wa kuchagua baraza jipya. Ukitoa miezi 18 kutoka hapo unafika katikati ya 2026. Tafsiri ya Kiswahili ina mapengo yanayoweza kuzibwa kwa simu na bando la jioni moja, na orodha ya hitilafu zinazomfaa anayeanza iko wazi kwa yeyote.